Swali Uliloniuliza Ukiosha Sahani

Mwanangu Thuraya,

Salamu nimezipunguza, maana tangu asubuhi nimeshakusalimu mara nne, na mara ya mwisho ulinijibu kwa kichwa tu, mswaki mdomoni. Wewe na baba yako mmetoka sasa hivi kwenda sokoni Mutrah kununua halwa ya kumpelekea yule mbunge wako. Namjua baba yako. Ataonja kila duka, atabishana juu ya zafarani, atakutana na mtu aliyesoma naye, na hamtarudi kabla ya Magharibi. Kwa hiyo nina muda. Nimekaa kwenye meza ya kulia, pale pale ulipofanyia kazi mwezi mzima huu, na naandika kwa kalamu ili nisipate nafasi ya kufuta.

Sitakwambia lolote juu ya soksi za sufu wala duka gani linauza nyama ya halali. Shangazi yako keshakuandikia kurasa tatu za mambo hayo, na kule Ireland umeishi miaka minne ukisoma, unakujua kuliko sisi sote. Mimi nataka kulijibu swali lako la Ijumaa.

Ijumaa jamaa wote walikuja hapa Ansab kukuombea dua ya safari. Unawajua jamaa zetu. Kila nyumba ina mtoto aliyekwenda Ireland, na wote wamerudi madaktari, kiasi kwamba ukilitaja jina la nchi ile mbele ya mjomba wako Seif anakunja mkono wa kanzu ili apimwe presha. Wewe pekee ulikwenda kusomea siasa, na hilo hata wakati ule tulilieleza kwa shida. Basi tumeketi, biriani imeshuka, na Kaka Seif, ambaye ndiye aliyenilea baada ya babu yako kufariki, na ambaye neno lake kwangu lina uzito wa baba, akakuuliza toka upande wa pili wa sahani:

"Thuraya, kwani si ushamaliza kusoma wewe? Warudi huko kufanya nini tena?"

Ulimeza tonge, ukafungua mdomo. Kabla ya kusema ulinitazama mimi. Na mimi nikakuwahi.

"Anaendelea, kaka," nikasema. "Anaendelea na mambo yake ya masomo."

Watu wakasema mashallah. Mmoja akasema bila shaka ni shahada ya juu kabisa hiyo, na mimi sikukanusha. Wewe uliinama ukaendelea kula, lakini nilikuona, ulikuwa unapeleka mkono tu.

Halafu jikoni. Wewe unaosha sahani, mimi nafuta. Ukaniuliza bila kugeuka: "Mama, unaionea haya kazi yangu?"

Nikakwambia: "Mwanangu, kila jambo lina wakati wake na pahala pake."

Ulifunga bomba, ukafuta mikono taratibu, ukasema, "Ahsante, Mama." Ulinishukuru kama mtu anavyoishukuru ofisi iliyomrudisha nyumbani mikono mitupu. Siku tatu sasa tunazungumza vizuri, tunacheka, tunapanga masanduku, na swali lako liko pale pale halijajibiwa. Kesho asubuhi unaondoka. Sitaki uondoke nalo.

Nianze mbali kidogo, uniwie subira. Unajua nilifanya kazi wizarani miaka ishirini na mbili. Hukuwahi kujua hasa nilikuwa nafanya nini, kwa sababu kila ulipouliza nilisema "mambo ya karatasi". Ukweli ni huu. Mjumbe wa Majlis Shura, lile baraza letu la wawakilishi, akipeleka swali kwa waziri, swali lile linashuka ngazi kwa ngazi mpaka linatua kwenye meza ya mtu wa kuandika rasimu ya jibu. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Nilifikaje pale? Tulipokuja kutoka Unguja nilikuwa na miaka minane, na Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni tu, cha kusomea Qur'ani. Skuli, wasichana walinicheka kila nilipofungua mdomo. Nikajifunza kunyamaza na kuandika, maana kwenye karatasi hakuna anayeisikia lafudhi yako. Nikafika pahala nikawa naandika Kiarabu kuwashinda wengi waliozaliwa nacho, na wakubwa ofisini wakaliona hilo. Babu yako naye alikuwa na neno lake moja kila siku, "Mdomo uliponza kichwa," na alikuwa na sababu zake, alishawaona walioponzwa kule Unguja; siasa ikitajwa nyumbani, aliinuka kufunga madirisha. Alitaka tule, tusome, tukae vizuri na watu, tusionekane sana. Nilimtii kuliko wanawe wote.

Nilikuwa hodari, Thuraya. Acha nijisifu kidogo kwa kitu kibaya. Kwanza unamshukuru mwulizaji kwa kuwajali watu wake. Halafu unataja yote yaliyofanyika nchi nzima, mpaka kijiji chake kinaonekana kidogo kama punje ya mtama. Mwisho unasema jambo lenyewe linafanyiwa utafiti na vyombo vinavyohusika. Humo ndani hamna uongo hata neno moja. Hilo ndilo nililokuwa nikijivunia zaidi, kwamba sikuwahi kuandika uongo.

Mwaka mmoja, wewe hujaanza skuli bado, alikuja ofisini mjumbe mmoja, mzee, kutoka upande wa Qurayyat. Alikuwa ameuliza kwa nini zahanati ya kijiji kimoja cha milimani haina mkunga, wanawake wanateremshwa kwa gari mpaka mjini uchungu umeshawashika. Nilimwandikia jibu la ukurasa mmoja, na lilikuwa zuri. Yeye akalichukua, akaja nalo mpaka wizarani, akaulizia nani kaliandika. Sijui nani alimwonyesha meza yangu. Nilimletea kahawa, akaketi, akaifungua karatasi yangu juu ya goti lake.

"Binti yangu," aliniambia, "nimelisoma mara tatu. Lugha yake nzuri sana. Sasa nikirudi, wanawake wakiniuliza, niwaambie nini?"

"Waambie linashughulikiwa, sheikh."

"Nani analishughulikia?"

"Vyombo vinavyohusika," nikasema.

Hakukasirika. Heri angekasirika. Aliikunja karatasi, akaitia mfukoni mwa kanzu, akamaliza kahawa yake, akakitikisa kikombe kwamba imemtosha, akaniaga kwa jina la baba yangu. Mwezi ule ule nikapewa barua ya shukrani kwa umahiri wa uandishi. Ndiyo ile iliyokuwa imetundikwa sebuleni, ukaikuta siku moja haipo, ukaniuliza nani kaishusha, nikakwambia ukuta unataka kupakwa rangi. Ukuta ule mpaka leo haujapakwa.

Niliishusha wiki ile tuliyokwenda kutembea Qurayyat. Ulikuwa na miaka kumi na mbili. Mimi ndiye niliyekuwa naendesha, na njiani tukakipita kibao chenye jina la kile kijiji, mshale unaelekeza kushoto. Nikapunguza mwendo. Baba yako akaniuliza kama nimechoka anipokee. Wewe nyuma ukakisoma kibao kwa sauti, kama ulivyokuwa ukisoma kila kibao, ukauliza, "Mama, kule kuna nini?"

"Hakuna kitu," nikasema, nikakanyaga mafuta.

Mpaka leo sijui kama walipata mkunga. Ningeweza kujua siku yoyote niliyotaka, simu ilikuwa mezani kwangu. Sikutaka. Najuta, mwanangu, na sina maneno ya kulipamba hilo. Nimestaafu kwa karamu na zawadi ya saa, na nikikaa peke yangu humu ndani yule mzee ananijia na karatasi yake juu ya goti.

Sasa nije kwenye lile la wiki tatu nyuma, ambalo nadhani hujui lilinifanyaje.

Ulikuwa kwenye mwezi wako wa majaribio, unamfanyia kazi huyo mbunge wako, Bi Miwani, toka hapa hapa Ansab. Unisamehe kwa jina hilo, lakini mwanamke anayeining'iniza miwani shingoni kwa mkufu kisha akaanza kuitafuta juu ya meza, sina jina jengine la kumwita. Mimi nilikuwa napiga pasi. Ukanisomea swali uliloandika ili amwulize waziri juu ya wazee wanaoishi peke yao huko mashambani, ambao serikali imekubali wapewe mtu wa kuja kuwasaidia nyumbani, na mtu mwenyewe haji. Lilikuwa swali refu, zuri, limekaa kama shairi. Nikacheka.

"Hili mimi ningelijibu chai haijapoa," nikakwambia.

Ulinuna. "Kwa nini?"

"Umeuliza mambo matano. Ningechagua moja ninalolipenda, nikalijibu vizuri mno, manne yakafa njaa."

"Sasa nifanye nini?"

"Lile refu mwache alitoe, hilo watu wa waziri wataliandikia jibu mapema. Lakini akipewa nafasi ya pili, aulize kitu ambacho hakimo kwenye faili. Mtu mmoja, siku moja. Wizara haijui habari za mtu mmoja."

Ukatoka na laptopu yako bila kusema ahsante, ukarudi baada ya saa nzima na mistari miwili.

Siku ya kikao tulikaa hapa watatu, baba yako katuletea chai ya maziwa na mandazi kama tunatazama mpira. Kwao ilikuwa mchana. Ukumbi wao umezunguka nusu duara, wa serikali wanatazamana na wa upinzani, na mwenye kuongoza kikao anakaa juu na kengele yake. Bi Miwani akalitoa lile swali la kwanza. Waziri akasimama, akafungua faili. Kiingereza chao nusu wanakimeza, lakini jibu lile mimi nililijua kabla hajatia neno. Akamshukuru mheshimiwa kwa kujali. Nikakwambia, "Sasa ataitaja nchi nzima." Akaitaja. "Sasa utafiti." Akautaja. Ulicheka mpaka ukamwaga chai, na baba yako akanitazama kama ndiyo kwanza anaoa.

Halafu Bi Miwani akapewa dakika yake moja. Akavaa miwani, akasoma mistari yako. Kwamba kuna bibi wa miaka themanini na ushei kwenye shamba la mlimani, kaidhinishiwa msaada tangu majira ya baridi, hajaja mtu. Jumatatu asubuhi, Waziri, nani atamgongea mlango? Akaketi.

Waziri akafunua ukurasa. Akafunua mwengine. Akatazama pembeni, walipokaa watu wake, na mtu mmoja pale akampenyezea kikaratasi. Akasema atalitazama jambo lile yeye mwenyewe. "Hilo si jibu," Bi Miwani akasema pale pale alipokaa, na kengele ikalia.

Wewe ulipiga meza kwa furaha. Mimi nilisema naenda kutazama mchuzi. Hapakuwa na mchuzi jikoni siku ile, tulikuwa tumekula mabaki ya jana. Nilisimama mbele ya jiko lililozimwa nikalia, na nililia kwa fahari. Mtoto niliyemzaa mimi, niliyemwambia hakuna kitu kule, kakaa kwenye meza yangu ya kulia akaandika mistari miwili, na waziri wa nchi ya watu kakosa ukurasa. Na kidogo nilimlilia yule aliyepenyeza kikaratasi. Huyo namjua. Ana bosi wake, ana mtoto mwenye homa nyumbani, na jioni ile kaambiwa kwamba kazi yake haikutosha. Utakapokuwa unawaandikia maswali makali, na uyaandike makali, mkumbuke. Usimdharau. Mara nyengine anatamani umuulize vile vile unavyomuuliza, ili naye apate sababu ya kwenda kwa mkubwa wake kusema, "Hili hatuwezi kulikwepa."

Nilitaka pia kukuusia kwamba kazi haiishi kengele ikilia, kwamba yule bibi bado yuko mlimani kwake na mlango wake. Lakini kesho yake asubuhi nilikusikia barazani ukizungumza na mwanawe kwa simu, ukimwambia ulichokijua na usichokijua, na kwamba utapiga tena Alhamisi. Na Alhamisi ukapiga. Basi hilo la usia nimelifuta moyoni. Hukuhitaji kulisikia kwangu, na mimi ningekuwa nani wa kukwambia.

Utasema: ikiwa ulilia kwa fahari, mbona Ijumaa ulinificha? Hapo ndipo penye aibu yangu. Ulinieleza vizuri kwamba huko kwao upinzani ni kazi kama kazi nyengine, wana viti vyao na mishahara yao, na wakishamaliza kuulizana wanakutana kwenye mgahawa mmoja na mawaziri wale wale. Nilikuelewa. Lakini ulipofungua mdomo mbele ya kaka yangu, nikalisikia lile neno, upinzani, kabla hujalisema, na nikamwona babu yako anainuka kufunga madirisha. Nikaogopa watasema mtoto wa kike kasomeshwa karudi mgomvi. Nikaogopa Kaka Seif atanitazama mimi. Mwanamke wa umri wangu, mwenye wajukuu kwa kaka yako, naogopa kutazamwa.

Nimeisimamisha barua hapa. Nimekwenda kumpigia simu Kaka Seif. Nakuandikia tulivyosemezana kabla sijayapamba.

"Kaka, Ijumaa nilikudanganya."

"Lipi hilo?"

"Thuraya hendi kusoma. Kapata kazi. Anamwandikia maswali mbunge wa upinzani huko Ireland, awaulize mawaziri."

Nikasikia tivii yake inapunguzwa sauti.

"Upinzani? Kwani wamemkosea nini hao watu?"

"Hawajamkosea kitu. Ndo kazi yenyewe. Waziri anaulizwa, anasimama, anajibu."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu, na tivii inaonyesha."

"Na wanamlipa kwa hayo?"

"Wanamlipa, kaka."

"Lahaula! Na mimi nishawaambia msikiti mzima kenda kuchukua udaktari mkubwa." Nilijua anafikiria atawaambiaje. Kisha akaniuliza kitu ambacho sikumbuki kama aliwahi kuniuliza maishani: "Na wewe mwenyewe waonaje?"

Lile jibu langu la wizara lilikuwa tayari kwenye ulimi, limevaa na viatu. Nikalimeza.

"Nna fahari naye," nikasema. "Nna fahari mpaka kifua chaniuma."

"Basi kilichokufanya unifiche nini?"

"Nilikuogopa."

"Mimi?" Wallahi, Thuraya, alishangaa kama nimemwambia namwogopa mtoto mchanga. "Zuwena, mimi nilikuwa nauliza tu. Nilitaka kujua mtoto anakwenda wapi."

Alikuwa anauliza tu. Nimekaa na simu mkononi muda mrefu baada ya hapo, nikijiuliza ni wangapi wengine maishani mwangu walikuwa wanauliza tu.

Kesho anakuja uwanja wa ndege. Kasema anataka kusikia toka mdomoni mwako hiyo kazi ikoje, kwa hiyo jitayarishe, ana maswali mengi na hayana kengele. Atakuuliza mbele ya jamaa wote, na ninakujua, utanitazama mimi kwanza. Usinitazame. Mjibu mwenyewe, kwa sauti yako yote.

Na wewe jibu lako ni hili, limechelewa siku tatu. Hapana, mwanangu. Sijaionea haya kazi yako hata siku moja. Niliionea haya yangu.

Nimekuridhia, Thuraya. Nimekuridhia safari yako, kazi yako, maswali yako na kila mlango utakaougonga, radhi ya mama isiyokuwa na sharti wala kungojea. Mungu akulinde na akupe watu wema huko.

Sasa na mimi nakuuliza, na silaumu utakavyojibu. Kwa lile la Ijumaa, umenisamehe? Nijibu kesho kabla hujaingia ndani. Na kama bado una hasira na mimi, niambie una hasira.

Mamako,
Zuwena